Maziwa mabichi yalininyima mtihani, jibini ya mbuzi imenirudishia hamu

Hebu niambie ukweli. Wewe ni wa timu gani: maziwa mabichi au ya kuchemsha?

Kama umelelewa Garissa, Wajir au Mandera, swali lenyewe linakushangaza. Maziwa ni maziwa, bana. Ngamia anakamwa, povu linasimama juu ya chombo, mgeni anapewa kwanza, basi. Nani tena ataanza kutafuta sufuria? Na kama umelelewa Umoja au Kayole, huenda maziwa unayoyajua ni ya pakiti, au yale ya mashine pale dukani, na ukisikia ya ngamia unauliza kama ni kweli yana chumvi.

Mimi nilikuwa timu mabichi. Sugu kabisa. Leo nasimama upande wa sufuria, na juu ya hayo nimepata uraibu mpya: kutengeneza jibini ya maziwa ya mbuzi jikoni kwetu hapa Garissa, kwa sufuria moja, ndimu chache na kipande cha kitambaa. Nitakuelekeza hatua kwa hatua, usijali. Lakini kwanza nikupe stori ya nilivyofika hapa, maana njia yenyewe ilipitia hospitalini na ikanitoa chuoni.

Tusidanganyane, ni matamu

Sitaanza kwa kukutisha. Wanaokwambia "usinywe maziwa mabichi" mara nyingi hawajawahi kuyanywa, ndiyo maana hakuna anayewasikiza.

Maziwa ya ngamia ni mepesi, meupe pe, na yana chumvi kidogo kwa mbali kulingana na majani aliyokula mnyama. Halafu kuna moshi. Vyombo vya kukamia huku kwetu hufukizwa: mama anachukua kaa la moto la mti anaoujua yeye, analitia ndani ya chombo kilichooshwa, anafunika, anatikisa, moshi unashika kuta. Akimwaga kaa na kupangusa jivu, anatia maziwa. Huo moshi ukiuonja mara moja, utautafuta maisha yako yote. Yakiachwa yachache yanakuwa susaac, na susaac baridi siku ya joto la nyuzi 37 ni kitu ambacho soda yoyote haiwezi kushindana nacho.

Pia ni kazi ya watu. Alfajiri wachungaji wanakama huko maporini, mitungi ya plastiki inabebwa kwa pikipiki au pikapu hadi barabarani, na mjini inapokelewa na akina mama. Wao ndio wanaonusa, wanaoonja, wanaokataa yaliyoharibika, wanaoyagawa. Mengine yanapanda basi hadi Eastleigh, safari ya kilomita 370 hivi. Mama yangu ni mmoja wao. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mitungi hiyo.

Na wakati wa ukame, maziwa ya ngamia ndiyo yanayobaki. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo katika eneo hili. Ng'ombe walianguka kila mahali. Ngamia, ambaye hula majani ya juu mitini na kukaa siku nyingi bila maji, akaendelea kukamwa. Kuna familia nyingi ambazo mlo wao mkuu siku zile ulikuwa kikombe cha maziwa.

Sasa unaelewa kwa nini mtu akija na kusema "chemsha", wengine wanasikia anatukana. Kwa nyanya yangu ni kama kumwambia mkono wake mchafu. Kwa mama ni kama kumwambia mteja asinunue.

Homa inayokuja na magharibi

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Nairobi. Kila Ijumaa mama alinitumia mtungi wa lita 3 kwa basi la usiku. Nilikuwa naupokea asubuhi, nakunywa kikombe palepale stejini, na vijana wa hosteli wananisubiri mlangoni kama mashabiki.

Halafu homa ikaanza. Si homa ya kukulaza chini. Asubuhi niko fiti, nahudhuria darasa. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mwili unaanza kutetemeka. Usiku natoka jasho mpaka naamka kubadilisha shuka. Mgongo unauma kama wa mzee aliyebeba simiti. Magoti yanakataa ngazi.

Nikaenda kliniki. Nikapewa dawa ya malaria. Baada ya wiki mbili nikarudi, nikapewa dawa ya malaria tena. Mara ya tatu nikaambiwa ni typhoid. Muda wote huo, amini usiamini, nilikuwa nakunywa maziwa zaidi "nipate nguvu".

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja, mama wa makamo, katika hospitali nyingine. Hakuanza na sindano. Aliniuliza swali moja: "Kijana, kwenu mnakunywa maziwa mabichi?"

Damu ikapimwa vizuri. Ilikuwa brusela, ambayo wengine huiita homa ya maziwa. Nikapewa dawa aina mbili, doksisaiklini na rifampisini, kila siku kwa wiki 6. Wiki 6, msee! Na ukiziacha katikati kwa sababu umejisikia nafuu, ugonjwa unaweza kurudi.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulinipita nikiwa kitandani. Nikaomba kuahirisha, nikakubaliwa, nikarudi Garissa kupona. Sikurejea. Sitaki kusema uongo kwamba ni maziwa peke yake yaliyonitoa chuoni. Karo pia ilikuwa imekwama, na nilikuwa nishaanza kuandika zaidi ya kusoma. Lakini kilichovunja muhula ule ni kikombe nilichokipenda kuliko vyote.

"Mbona ayeeyo hajawahi kuugua?"

Najua ulichofikiria, kwa sababu nami nilikifikiria. Ayeeyo, nyanya yangu, amekunywa maziwa mabichi tangu kuzaliwa. Yuko hapa, anatembea, anagomba. Kwa nini mimi?

Kuna majibu matatu, na yote nimeyapata kwa kuuliza watu wa mifugo na wa afya mpaka wakanichoka.

La kwanza: huwezi kujua kwamba hajawahi kuugua. Brusela haiji na tangazo. Inakuja kama homa inayopanda na kushuka, uchovu, maumivu ya viungo na mgongo. Kwa mtu wa umri wake haya yote yanaitwa uzee. Kwa mama mjamzito brusela inaweza kusababisha mimba kuharibika, na huko nyuma hakuna aliyepima damu.

La pili: maziwa ya ayeeyo hayakuwa maziwa yangu. Yeye alikunywa ya wanyama wake mwenyewe, aliowajua kwa majina, dakika chache baada ya kukamwa. Mtungi wangu ulikuwa na maziwa ya mifugo ya boma nyingi yaliyomwagwa pamoja. Mnyama mmoja tu akiwa na vijidudu, mtungi wote umeingia. Kisha ukakaa juani, ukapanda basi, ukalala safarini usiku kucha. Na mtungi wa plastiki wenye mdomo mwembamba, mkono hauingii ndani kusugua. Tumebadilisha safari ya maziwa lakini tumeacha kanuni za zamani.

La tatu: kuchacha na kufukiza si dawa. Hapa wengi tunajidanganya. Tunasema susaac ni salama kwa sababu ni kali, chombo ni salama kwa sababu kina moshi. Moshi unasaidia maziwa yasiharibike upesi, na ukali unazuia baadhi ya vijidudu, lakini vya brusela vinaweza kuishi humo. Kinachoviua kwa uhakika ni moto.

Hili si jambo la kwetu peke yetu, wala si la watu "washamba". Zamani wanajeshi wa Uingereza waliokuwa kisiwani Malta waliugua homa ya ajabu hadi ikaitwa homa ya Malta. Mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce alikipata kijidudu chenyewe, na ndiyo maana ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Lakini hakuna aliyejua kinapita wapi mpaka 1905, Themistocles Zammit, daktari Mmalta, alipopima damu ya mbuzi. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa. Wanajeshi walipokatazwa maziwa ya mbuzi, homa ikashuka. Angalia hiyo: mbuzi mzima, mnene, anayeruka, na bado maziwa yake yana ugonjwa. Kwa hivyo ule usemi wa "mnyama wangu namjua" haukusaidii hata kidogo.

Na usisahau kwamba Garissa ina kumbukumbu zake. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka baada ya mvua kubwa za 1997 na tena mwisho wa 2006, kaunti za huku zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Ule ugonjwa huenezwa hasa na mbu na kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, lakini hata nyakati hizo ushauri ulikuwa huohuo: chemsha maziwa. Wazee wetu wanaukumbuka. Sisi wa umri huu ndio tunajifanya hatukusikia.

Moto na moshi vikapatana

Niliporudi nyumbani nikiwa na dawa zangu, vita vilianza siku ya kwanza. Kwetu bibi na mjukuu huitana kwa jina lilelile: namwita ayeeyo, naye ananiita ayeeyo. Akanimiminia kikombe.

"Ayeeyo, chukua."

"Ayeeyo, nisamehe. Niyachemshe kwanza."

Akaniangalia kwa muda mrefu. "Unayachemsha maziwa yangu? Yamekukosea nini?"

Sikuwa na jibu la heshima. Ukweli ni kwamba maziwa yaliyochemshwa hayana ladha ileile. Ule wepesi unapotea, na moshi unapungua. Kilishe hupotezi mengi: protini na kalisi zinabaki, vitamini kadhaa kama vitamini C ndizo zinazopungua. Lakini nani anakunywa kitu kwa sababu ya kalisi? Tunakunywa kwa sababu ya nyumbani.

Ufumbuzi aliutoa mama, bila hotuba. Alichemsha maziwa mpaka yakapanda, akayaacha yapoe hadi yakawa ya uvuguvugu. Wakati yanapoa, akafukiza chombo kama kawaida yake. Akamimina maziwa yaliyochemshwa ndani ya chombo chenye moshi, akaongeza vijiko viwili vya mala ya dukani iwe chachu, akafunika, akaacha usiku kucha.

Asubuhi susaac ilikuwa tayari, na moshi ulikuwa palepale. Kumbe moshi hautoki kwenye ubichi, unatoka kwenye chombo! Ayeeyo akaonja, akanyamaza, akaongeza kikombe cha pili. Hakusema nimeshinda. Nami sikuuliza.

Kitu kimoja tu: chachu isiwe susaac ya jana iliyotokana na maziwa mabichi. Ukifanya hivyo umerudisha ulichokiua. Anza na mala au mtindi wa dukani, halafu endelea kutumia yako iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa.

Jibini ilivyoingia

Sasa tufike kwenye jibini. Mvua ikinyesha vizuri huku kwetu, mbuzi wanazaa, majani yanajaa, na maziwa ya mbuzi yanakuwa mengi kuliko vikombe. Shangazi yangu anayekaa upande wa Balambala hutuma mtungi mzima, na kwa joto la Garissa una saa chache tu. Friji tunayo, lakini stima nayo ina tabia zake. Nikaanza kujiuliza, wenzetu duniani hufanya nini?

Hutengeneza jibini. Sisi tumezoea kugeuza maziwa kuwa samli na maziwa ya kuchacha. Jibini si ya kwetu sana. Hata Kisomali kimeazima neno kutoka Kiitaliano: farmaajo. Ndiyo, lile la Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa Rais wa Somalia kuanzia 2017 hadi 2022. Jina la utani la Farmaajo alilirithi kwa baba yake, ambaye inasemekana alipenda jibini kupita kiasi. Nilipomwambia ayeeyo nataka kutengeneza farmaajo jikoni, aliuliza kama nimeingia siasa.

Utauliza, mbona nisitumie ya ngamia, ndiyo yako mengi? Nilijaribu, yakanishinda. Maziwa ya ngamia hayagandi vizuri. Protini zake zimejengeka tofauti, na hata kile kimeng'enya cha tumbo la ndama kinachotumika kugandisha maziwa ya ng'ombe hakiyafanyii kazi inavyotakiwa. Si kwamba haiwezekani. Kule Mauritania, mhandisi Nancy Abeiderrahmane alianzisha kiwanda cha Tiviski mjini Nouakchott kinachosindika maziwa ya ngamia wa wafugaji wanaohamahama, na baadaye akafanikiwa kutoa jibini ya ngamia. Lakini yeye ana kiwanda, mimi nina jiko la gesi la mtungi mdogo. Nikabaki na mbuzi.

Maziwa ya mbuzi yana raha yake. Ni meupe kuliko ya ng'ombe, na mafuta yake yamo katika chembe ndogondogo, ndiyo maana hayatengi malai upesi. Jibini yake inatoka nyeupe kama karatasi, laini, na ina ukali fulani unaokukumbusha ni ya nani.

Fanya hivi

Unahitaji lita 2 za maziwa ya mbuzi, ndimu 3 au 4 (au siki nyeupe), chumvi, sufuria nzito, kichungio, na kitambaa cheupe cha pamba. Changu nilikinunua Suuq Mugdi, mita moja, nikakata vipande vinne. Kichemshe kitambaa kabla ya kila matumizi. Usitumie kilichooshwa kwa sabuni yenye manukato. Mimi nishawahi kula jibini yenye harufu ya maua, usinicheke.

Kwanza, chuja maziwa, yatie motoni, moto wa kati. Koroga ukigusa chini ya sufuria, maana yakishika yataungua na harufu haitoki tena. Yaache yachemke kabisa hadi yapande. Punguza moto, yaendelee dakika mbili tatu. Viwandani huyapasha nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30. Wewe ukichemsha umepita hapo, huhitaji kipimajoto.

Pili, toa motoni, subiri dakika mbili. Kamua ndimu upate vijiko 6 vya mezani, chuja mbegu. Mimina kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga polepole sana. Utaona maziwa yanaanza kukatika: mabonge madogo meupe huku, maji ya rangi ya kijani-manjano kule. Maji yakiwa bado meupe, ongeza kijiko kimoja. Yakishakuwa angavu, acha. Usizidishe. Mara yangu ya pili nilizidisha, nikapata kitu kikali kama achari.

Tatu, funika dakika 10, usiguse. Mabonge ya mbuzi ni laini kuliko ya ng'ombe, ukiyakoroga kwa pupa yanavunjika na kupita kwenye kitambaa.

Nne, tandaza kitambaa juu ya kichungio, weka bakuli chini, mimina taratibu. Kusanya ncha nne, funga, tundika kwenye bomba la sinki au msumari. Baada ya saa 1 utapata jibini laini ya kupaka. Ukitaka ngumu ya kukata, iache kwenye kitambaa, weka sahani juu na sufuria yenye maji kama uzito, saa 3 hivi.

Tano, chumvi. Nusu kijiko cha chai inatosha. Mimi naongeza xawaash kidogo, ule mchanganyiko wetu wa bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga na iliki. Wengine hupenda habasoda.

Lita 2 zitakupa kama robo kilo, pengine zaidi kidogo. Yale maji usimwage! Yana virutubisho, yatumie kukandia unga wa chapati au kupikia wali. Mimi nayatia kwenye unga wa canjeero.

Jibini laini ipake juu ya canjeero moto na asali. Ile ngumu ikate vipande, ikaange kwa samli; haiyeyuki, inapata rangi ya dhahabu kwa nje. Ukiwa na friji, iweke kwenye chombo kilichofungwa na uimalize ndani ya siku 4. Huna friji? Ile siku hiyohiyo, alika majirani. Joto la huku halina huruma.

Na kwa ndugu zangu Waislamu wanaojiuliza kuhusu kile kimeng'enya cha tumbo la ndama, na ndama mwenyewe alichinjwa vipi: njia hii haikitumii kabisa. Ni ndimu tu. Roho safi.

Mwisho usinunue maziwa mabichi ukidhani ndimu ndiyo itaua vijidudu. Ndimu inagandisha, moto ndio unaoua. Ukisoma maelezo ya wazungu wanaotengeneza jibini ya maziwa mabichi, kumbuka wana mifugo iliyopimwa na jibini iliyokaa ghalani miezi. Wewe una mtungi uliopitia mikono sita.

Kama wewe ni yule niliyekuwa

Pengine unasoma hii ukiwa hosteli, na una homa inayokuja jioni. Sikiza. Usiende dukani kununua dawa za malaria kwa mara ya tatu. Nenda hospitalini, na usisubiri kuulizwa: sema mwenyewe kwamba unakunywa maziwa mabichi, au kwamba ulimsaidia mbuzi kuzaa ukiwa nyumbani likizo, kwa sababu ugonjwa huu hupita pia kwenye majimaji ya uzazi na kondo. Uliza kama kipimo ulichofanyiwa kinatosha, maana vile vipimo vya haraka vinaweza kukosea pande zote mbili. Ukipewa dawa za wiki 6, zimalize zote.

Nyumbani nako, msianze na ugomvi. Nilipoteza miezi kwa kubishana na ayeeyo kuhusu vijidudu asivyoviona. Kilichombadilisha ni chombo chenye moshi.

Mama sasa humwambia kila mteja achemshe. Wawili walikasirika, wakaenda kwa muuzaji mwingine. Mmoja amerudi; mwanawe alikuwa amelazwa. Mama hakumuuliza lolote, alimpimia maziwa yake na kumwongeza kidogo juu, kama kawaida. Pia ameanza kuuza susaac ya maziwa yaliyochemshwa, na kwa siku nzuri inaisha kabla ya adhuhuri.

Ijumaa iliyopita tulipata mgeni kutoka Dadaab. Nilikuwa jikoni nikikaanga jibini. Nikamsikia ayeeyo akimimina maziwa kwenye kikombe, halafu akasita.

"Ayeeyo," akaniita. "Haya umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha."

"Basi mletee mgeni. Na ile farmaajo yako pia."